Sifongo Tupu

Jumanne, saa nne asubuhi, na bado ni usiku.
Jua tuliliaga mwezi wa kumi, halijatuma hata salamu.
Natoka na taa kichwani, chupa kwapani,
nyuzi arobaini na moja chini ya sifuri,
pumzi ikigeuka chumvi kwenye nyusi zangu.

Pampu inanguruma juu ya jukwaa la mbao.
Wiki nzima imevuta hewa ya hapa,
hewa ambayo wageni huisifu wakishuka kwenye ndege,
huivuta kwa pupa mpaka wakohoe: safi, safi!
Ndiyo, safi.
Safi kama sahani iliyolambwa.

Tangu jana sijapaka mafuta mikononi,
sijagusa manukato, sijasimama karibu na Jusipi
akitia petroli kwenye pikipiki yake ya theluji.
Maabara ya kusini ina pua kali kuliko ya dubu.
Natoa chujio: jeupe, lenye kivuli cha kijivu
kama ukucha uliobanwa na mlango.
Chini yake sifongo. Naifunga kwa foili, naitia chupani,
naandika tarehe kwa penseli. Wino uliganda zamani.

Wanasema inasafiri kama panzi.
Penye joto huruka, penye baridi hutua,
huruka tena: shamba la pamba, paa la kiwanda,
ziwa, msitu, ziwa,
mpaka ifike huku, ambako panzi hana pa kurukia.

Walikoinyunyiza waliiita dawa.
Dawa ya mbu, dawa ya viwavi. Sigombani na jina,
huenda iliponya mtoto wa mtu.
Lakini aliyeinyunyiza amekwisha kufa,
shamba limekuwa maegesho ya magari,
na dawa ingali njiani.
Mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Wako wanaouliza hivyo kwa kejeli.
Mimi swali hilo nalifunga kwa foili, nalipandisha ndege,
na jibu hunirudia baada ya miezi kumi na minne,
kwa pikogramu.

Nilimuuliza mkemia: pikogramu ni kiasi gani?
Akasema, chukua punje moja ya sukari,
igawe vipande bilioni, nipe kimoja.
Nikacheka. Hakucheka.
Hewa humpa bahari, bahari humpa dagaa wake,
dagaa humpa samaki, samaki humpa sili,
sili hukiweka kwenye shahamu, hasahau.
Haba na haba,
na kibaba ni titi la dada yangu.

Pitsiulak amejifungua Ijumaa iliyopita.
Muuguzi kamwambia: nyonyesha, usiogope, faida ni kubwa zaidi.
Ananyonyesha. Kisha ananiuliza,
kama anayeuliza bei ya unga,
Hewa ya wiki hii ikoje?
Namwambia, subiri.
Jibu likija Uviluq atakuwa anatembea.

Mara moja kwa mwezi kuna sifongo nyingine.
Naitoa chupani, naionyesha upepo,
nahesabu pumzi kumi, naifunga tena.
Haikuvuta kitu. Nayo hupimwa vilevile,
na uchafu utakaoonekana humo ni wetu:
wa mikono yangu, wa chupa, wa safari.
Hutolewa kwenye hesabu
tusije tukamsingizia mtu.
Naipenda hiyo kuliko zote.
Sijui kama kule inakoanzia
yuko anayebeba sifongo tupu.

Nawasha pampu, nasikiliza mpaka sauti itulie.
Nyumbani kwa dada kuna nyama ya sili,
na shahamu yake, ya njano, tamu.
Tunakula. Tule nini kingine? Tufaha moja dukani
ni mshahara wa asubuhi.
Nampokea Uviluq ili mama yake anawe,
naye ananicheulia begani, maziwa ya vuguvugu,
yanaingia mpaka kwenye uzi wa koti.

Jumanne ijayo itabidi nivae jingine.